Mcheche, Msano: Kumtafuta Mama Yake Bibi

Mhadhara wa wazi uliotolewa Kisauni, Mombasa

  

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na tabia ya kuhesabu akitwanga. Kila mchi uliposhuka kinuni alitaja hesabu: moja, mbili, tatu, mcheche, msano. Akifika hapo anarudi mwanzo. Sisi wajukuu tulidhani ni maneno ya kutwangia tu, tukayaiga tukiruka kamba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini nne yake si nne na tano yake si tano. Alifariki mwaka 1979. Ikapita miaka zaidi ya ishirini, nami nina mvi tayari, siku moja niko ndani ya daladala Dar es Salaam, nikamsikia muuza korosho akimhesabia mwenzake noti kwa sauti ya chini: mcheche, msano. Nikamuuliza, ndugu yangu, hesabu gani hiyo? Akacheka. "Kiyao hicho, mzee. Sisi watu wa Tunduru." Kituo changu kikapita sina habari.

Mada niliyopewa jioni hii ni namna ya kufuatilia maisha ya mhenga aliyehamia kwetu katika karne ya 19. Neno "kuhamia" linanitatiza kidogo. Anayehama hufunga mizigo. Mama yake bibi yangu alikuwa yeye mwenyewe ndiye mzigo. Alishushwa hapa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, miaka ya 1880, akiwa mtoto. Nami ni kitukuu chake. Nitawaeleza nilivyomtafuta, nilipokwama na nilipopata, kwa sababu najua humu ukumbini mko wengi wenye mtu kama huyo nyuma yenu, na wengine hamtaki kusema.

Wako waliohama kwa hiari, na hao kuwatafuta ni rahisi zaidi. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890. Aliacha mikataba ya reli, hati za viwanja, barua za kubishana na serikali, gazeti alilolianzisha, hata bustani yenye jina lake katikati ya Nairobi. Mjukuu wake, Zarina Patel, alipoandika maisha ya babu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, hakukosa pa kuanzia. Mwenye mali huandikwa kwa sababu anadai na anadaiwa. Kila shilingi inayopita mkononi mwake inaacha mstari kwenye daftari la mtu.

Aliyeletwa kwa nguvu hakudai kitu. Ndiyo maana nasema: ukimtafuta, usianze kwa kuuliza alitoka wapi. Swali hilo litakupeleka ukutani siku ya kwanza. Uliza nani alilipwa kwa kumwandika.

Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Nilitumia karibu mwaka mzima nikitafuta jina lake la kwao, wakati karatasi zilizokuwapo ziliandikwa na watu wasiolihitaji. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa katika bahari yetu zilikuwa na malipo yake: pauni 5 kwa kila mtu aliyeokolewa, na fedha nyingine kwa ukubwa wa jahazi lenyewe, kwa hesabu ya tani. Malipo hayo yaligawanywa kwa nahodha, maofisa na mabaharia, kila mtu kwa cheo chake. Basi ofisa aliyeteka jahazi alitoa kamba akapima urefu, upana na kina, akaandika kwa makini mno, kwa sababu mara nyingi chombo kilichomwa moto papo hapo baharini, na mahakama iliyosimamiwa na balozi wa Uingereza pale Zanzibar ilitaka ushahidi kabla ya kukubali malipo. Kuhusu watu waliokuwa ndani, mahakama ilihitaji idadi: wanaume, wanawake, watoto. Nimesoma nakala za taarifa hizo hadi macho yakauma. Jahazi lilipimwa mpaka inchi. Mtoto hakuulizwa hata jina.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini hasira zikipoa unaona kwamba karatasi ile ya tamaa ina faida. Ina tarehe, mahali jahazi liliposhikwa, na lilikotoka na kule lilikokuwa likienda kwa maneno ya nahodha, ukiamini maneno ya nahodha. Baadaye vitabu vya ubalozi wa Zanzibar vikaanza kuandika zaidi: jina, kabila, umri wa kukisia, na mtu alikabidhiwa nani. Vitabu vya aina hiyo vimo katika Nyaraka za Taifa pale Zanzibar, na mwenye subira anaweza kuvisoma.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa mambo ambayo bibi mwenyewe asingeweza kunieleza. Kwa nini majahazi mengi ya miaka ile yalishikwa karibu na Pemba? Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ilinusurika. Karafuu zikapanda bei, wenye mashamba wa Pemba wakataka watu wa kupalilia na kuchuma, na wakawataka upesi. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha baharini. Kwa hiyo haja iliongezeka wakati uleule mlango ulipofungwa. Kilichobaki ni magendo: usiku, vyombo vidogo, kutoka vijito vya mrima hadi vichaka vya mikoko vya Pemba. Tangu 1874 Waingereza walikuwa wameitia nanga manowari kuukuu, London, mbele ya mji wa Zanzibar, na mashua zake zikawa zinavizia katika mkondo wa Pemba. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa kike wa bara ya mbali aliishia Kisauni, anza na upepo uliovuma Unguja kabla hajazaliwa.

Kwa nini Kisauni, basi? Waliookolewa hawakurudishwa kwao. Njia ya kwao ilikuwa ndiyo njia ya wawindaji. Waligawanywa: wengine Mbweni kwa Waanglikana wa Unguja, wengine Bagamoyo kwa mapadri Wakatoliki, wengine Durban, ambako nitafika, na wengine hapa, Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na Waanglikana wa misheni ya CMS, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyefika Zanzibar mwaka 1873 kumshurutisha Barghash. Palijengwa nguzo ya kengele ya kuwaita watu kazini na kanisani, na kuwaonya kama wenye watumwa wanakuja kuwanyakua. Mnaoshuka matatu kila siku mkisema "Kengeleni, weka hapo", mnaitaja kengele hiyo.

Watu wa kijiji kile hawakuwa wa aina moja, na mtafutaji asipolijua hili atachanganya ukoo na ukoo. Palikuwa na Wabombay. Hawa walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini, wakapelekwa India, wakalelewa katika kituo cha misheni karibu na Nasik. Walijifunza useremala, uhunzi, Kiingereza na Kihindustani. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wa kundi hilo. Walikuwapo katika kituo cha misheni cha Rabai tangu 1864, miaka 11 kabla Frere Town haijawa kijiji. Mkuu wao wa Nasik, mchungaji Price, ndiye aliyeletwa Mombasa kuianzisha Frere Town. Kisha palikuwa na mateka wapya kama mama yake bibi, walioshushwa moja kwa moja kutoka manowarini, hawajui Kiswahili wala Kiingereza. Na Rabai palikuwa na watoro, waliowakimbia mabwana zao wa pwani wakajificha misheni. Mabwana wakadai watu wao, na nusura damu imwagike, mpaka kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani ikawalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Kama mzee wako alikuwa mtoro wa Rabai, usihangaike na kumbukumbu za manowari. Yeye alikuja kwa miguu yake, na karatasi yake ni hati ile.

Nisije nikapamba. Misheni haikuwa pepo. Mwaka 1881 palifanyika uchunguzi kuhusu viboko na vifungo vya hapo Frere Town, na msimamizi mlei aliyehusika akaondoka. Waliookolewa na Mwingereza walichapwa na Mwingereza. Hilo nalo limo katika karatasi, tena kwa urefu, kwa sababu wamisheni walikuwa wakishitakiana wao kwa wao.

Sasa majina. Hapa ndipo watafutaji wengi wanapozama.

Mzee mmoja aliyefariki Mombasa mwaka 1935 aliitwa Matthew Wellington. Ukiliona jina hilo kwenye daftari utadhani ni mwana wa baharia Mwingereza. Alikuwa Myao, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Chengwimbe. Alitekwa mtoto, akapitia Nasik, akawa miongoni mwa waliotumwa kumfuata mpelelezi Livingstone, na Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873 alikuwa mmoja wa walioukausha mwili wake na kuubeba mpaka Bagamoyo. Jina Chengwimbe tunalijua kwa sababu moja tu: uzeeni mwake alikaa na kusimulia, na mmisheni mmoja akaandika, ikawa kitabu kidogo mwaka 1930. Angekufa miaka kumi kabla, tungebaki na Wellington.

Mwingine ni Sidi Mubarak Bombay. Tazama jina hilo kipande kwa kipande. Sidi ni vile Waafrika walivyoitwa India. Mubarak ni jina la baraka ambalo mabwana walipenda kuwapa watumwa. Bombay ni mji. Katika majina yote matatu hakuna hata moja lililotoka kwa mama yake. Yeye naye Myao, na alimsimulia mpelelezi Speke kwamba alikuwa na umri wa kama miaka 12 wafanyabiashara wenye bunduki walipokivamia kijiji chao kwa kisingizio cha deni la zamani, akafikishwa Kilwa, kisha akauzwa. India alikaa miaka hadi bwana wake alipofariki, akawa huru, akarudi Zanzibar kama mhamiaji katika bara lake mwenyewe. Akawaongoza Burton na Speke, kisha Stanley, kisha akavuka Afrika na Cameron, akapewa nishani ya fedha na chama cha wanajiografia wa London. Amefahamika kwa sababu Wazungu walimhitaji. Wenziwe waliotekwa naye kijiji kimoja, siku moja, wako wapi katika vitabu?

Basi nikirudi kwa wangu. Niliukuta mstari wake katika daftari la ubatizo la kanisa moja ambalo sitalitaja, kwa sababu kurasa zake nyingi zimeliwa na mchwa na sitaki kuonekana nalaumu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Jina la Kiingereza. Umri, miaka kama 9. Safu ya jina la baba na mama ilikuwa na kistari. Kabila: Mnyasa. Nikafurahi siku mbili nzima. Mnyasa! Nikawapigia simu dada zangu, tukaanza kuulizana habari za Malawi.

Furaha ile ilikuwa ya kijinga kidogo. "Mnyasa" katika madaftari ya pwani si kabila. Ni upande. Mtu yeyote aliyetoka njia ya ziwa, awe Mnyanja, Myao, Mgindo au Mmakua, aliweza kuandikwa Mnyasa na karani aliyekuwa na haraka, au na karani aliyemuuliza mtoto wa miaka 9 kwa lugha ambayo mtoto haielewi. Nami ningebaki na Unyasa wangu mpaka leo, kama si yule muuza korosho. Maana nne ya Kinyanja ni "nayi", haifanani na "mcheche" hata kwa kulazimisha. "Mcheche" ni neno la Ruvuma: Wayao wanalo, Wamakonde wanalo, na nne ya Kimakua inakaribiana nalo. Lakini "msano" baada yake inaelekea kwa Wayao, kwa sababu tano ya Wamakonde ina sura nyingine. Namba mbili za kinuni zilisema zaidi ya daftari la kanisa. Bibi yangu alizaliwa hapa, hakuwahi kuvuka Ruvuma maisha yake yote. Namba zile alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kabla ya umri wa miaka 9, katika kinu kingine.

Nawaombeni mlishike hilo, kwa sababu ndilo jambo kubwa nililonalo jioni hii. Mtu akinyang'anywa jina, mji, dini na wazazi, vinavyobaki ni vidogo mno hata mnyang'anyi hakuona haja ya kuvichukua: kuhesabu, kubembeleza mtoto, jina la mboga, namna ya kufunga kanga, chale za usoni, wimbo wa unyago usiojulikana maana. Karatasi itakupa tarehe na chombo. Kinu kitakupa watu.

Durban wanalijua hilo kuliko sisi. Kati ya 1873 na 1880 watu mia tano na ushei waliookolewa baharini walipelekwa Natal kutoka Zanzibar, wakawekwa kazi. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Wazungu wa Natal wakawaita Wazanzibari kwa sababu ya bandari waliyopandia meli, na jina likaganda. Walikaa pamoja kwenye kilima cha Bluff, wakashika Uislamu, wakaendelea kuzungumza Kimakua. Serikali ya ubaguzi ikashindwa kujua iwaweke fungu gani, na miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi. Mpaka leo wanaitwa Wazanzibari watu ambao wahenga wao Zanzibar waliiona kwa siku chache tu. Mjukuu wa hapo akija Unguja kutafuta jamaa zake kwa kufuata jina, atazunguka Ng'ambo yote bila kupata hata binamu. Lugha ya bibi yake ndiyo itakayompeleka Msumbiji.

Sisi wa Frere Town tunacho kitabu cha wenyewe. James Mbotela, mtoto wa mtu aliyeokolewa, alichapisha "Uhuru wa Watumwa" mwaka 1934, na wazee mliosoma shule za misheni mlikisoma darasani. Ni hazina, kwa sababu aliandika yaliyosikiwa nyumbani. Pia ni kitabu cha kusomwa macho yakiwa wazi. Mwarabu ndani yake ni mwovu tupu, Mwingereza ni malaika tupu, na yale ya viboko vya 1881 hayana nafasi. Sishangai: aliandika kwa ajili ya shule, chini ya serikali ya Mwingereza, na aliishukuru kwa dhati meli iliyomleta babake nchi kavu. Swali langu ni lilelile, nani anaandika na kwa faida gani, nami silisamehe hata kwa mtu ninayempenda. Ukoo huo wa Mbotela mnaujua kwa sauti pia. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuuliza redioni miaka nenda miaka rudi kama huu ni ungwana, alizaliwa hapahapa na hakuona haya kueleza wazee wake walifikaje.

Nasema hakuona haya, kwa sababu wengi tuliona. Tukiwa watoto, akija mgeni kuuliza kabila letu, bibi alijibu, "Sisi watu wa misheni." Mlango ukafungwa. Kule mjini waungwana walijua maana yake, nasi tulijua kwamba wanajua. Ziko koo hapa pwani zilizojitungia asili ya Shirazi au ya Bara Arabu ili mazungumzo hayo yasifike mezani, wala siwacheki. Hata hivyo mtafutaji ajue kwamba ukimya wa wazee si usahaulifu. Ni ulinzi. Ukimwendea mzee kwa swali la "je, sisi tulikuwa watumwa?" atakwambia hapana, na atakuwa sahihi, kwa sababu kutekwa si asili ya mtu. Muulize mama yake alipika nini. Muulize alipokasirika alitukana kwa maneno gani. Matusi hudumu sana.

Nimeulizwa pia habari za vipimo vya mate vinavyouzwa siku hizi kwa barua. Vijana wangu wawili wamefanya. Walijibiwa kwamba sehemu kubwa ya nasaba yao ni ya Waafrika wa mashariki na kusini, jambo ambalo kioo kingewaambia bure. Vipimo hivyo hukulinganisha na watu waliokwisha kupimwa. Kama Tunduru na Masasi hawajapima wengi, jibu lako litakuwa na ukungu.

Jina la kwao la mama yake bibi sikulipata. Nimepata mwaka wa ubatizo, mwaka wa ndoa, majina ya watoto sita ambao wanne walizikwa wadogo, na eneo la Ruvuma kwa hesabu ya kinu. Kaburi lake liko katika yale yasiyo na maandishi, na nimeweka jiwe.

Sasa naomba kazi kwenu. Sanduku la nyanya lililo uvunguni msilitupe wala msilichome atakapofariki, hata kama ndani mna karatasi zisizosomeka. Hati ya uhuru, cheti cha ubatizo, risiti ya kodi ya kibanda, picha: vipigeni picha kwa simu zenu, na nyuma ya picha halisi andikeni kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, ni nani na nani alisema. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayehesabu, kuimba au kutukana kwa maneno msiyoyaelewa, mrekodini wiki hii. Mimi niko Kengeleni kila Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Njooni na maneno hayo, hata likiwa moja tu.